Mpaka Uitwe

4 Machi

Kaka yangu,

Sasa hivi tu, kabla sijashika kalamu, mwanangu Bosi ameiteremsha kamba ya Baba ya mafundo kutoka kwenye msumari wake, ameizungusha mguu wa meza, ncha akaitia mdomoni, kisha akaketi kunitazama kama mbuzi aliyejifunga mwenyewe. Nimemnyang'anya akalia, nimempa kijiko akanyamaza. Kamba imelowa mate lakini mafundo yote yapo: la picha ya pasipoti, la nusu mwili na la watu wawili. Unamjua Baba. Kamera za siku hizi zinapima zenyewe, lakini yeye bado anavuta kamba kutoka kwenye lenzi mpaka kwenye pua ya mteja, na fundo lisipofika puani hapigi picha.

Shikamoo. Nilitaka salamu zitangulie kama ulivyonifunza, ila mate ya mpwa wako yamezipita. Huku hatujambo. Shemeji yako bado yuko kiwandani, anarudi amechoka hata kuvua viatu anataka abembelezwe. Bosi ana meno sita na ameanza kutembea kwa kushika ukuta. Jirani yetu mshonaji anasema miguu hiyo ni ya mjomba wake, itaondoka mapema. Sikucheka. Baba anakula vizuri.

Sasa jambo lenyewe. Ile mashine uliyoiunda, ile ya chumba cha nyuma inayotunza picha zote na kuzigawa kwenye kompyuta ya kaunta na kwenye printa, imegoma. Jumatatu nimeiwasha kama kawaida, nikaiacha ijisemeshe na maandishi yake meupe yanayokimbia, mara ikasimama. Ikakaa pale hata nikadhani imelala, kisha ukatoka mstari mwekundu kwamba mtandao umeshindwa kuanza. Baada ya hapo inafunguka, picha zote naziona, lakini printa haizipati na kaunta haizioni. Ni kama mtu anakutazama dirishani na mlango ameufunga kwa ndani. Waya nimezichomoa na kuzirudisha. Nimeizima na kuiwasha. Nimeipiga na kofi dogo, nisamehe.

Nilimuuliza Baba kama kuna aliyeigusa. Akasema, "Ilikuwa inaomba kuboreshwa kiini kila siku. Ikaboreshwa."

"Na nani?"

"Mimi nakwambia ikaboreshwa, wewe unaniuliza na nani."

Tumekwama kweli. Picha za watoto wote wa darasa la mwisho zimo mle ndani, kadi zao za mtihani haziwezi kutoka bila picha, na Mwalimu Mkuu anakuja kila asubuhi kuegemea kaunta na kukohoa.

Ningekupigia simu, lakini huo mnara mnaoujenga mlimani si ndio utakaoileta simu huko? Wewe ni mpishi unayelala na njaa. Basi barua hii itapanda lori la mahitaji.

Baba amesema, "Mwandikie aliyeiunda." Hakutaja jina, lakini tangu uondoke hajawahi kukusogelea hivyo. Na nilipokuwa naandika alikuja akasimama nyuma yangu.

"Umemwambia ni mbaya?"

"Nimemwambia haifanyi kazi."

"Andika ni mbaya. Andika hatujui la kufanya."

Basi kaka, ni mbaya na hatujui la kufanya.

Mdogo wako,
Kiroboto


30 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Lori limefika jana na viazi, saruji, na barua yako inayonuka dizeli. Meno sita si haba, ila mwambie Bosi kamba ya watu si muwa. Huku baridi inang'ata mpaka koleo linagandia kiganjani. Mnara umefika nusu, na kazi yangu ni kuning'inia katikati yake nikivuta waya. Wenzangu wanakoroma kwa zamu. Nipo.

Usiogope, mashine si mbovu. Kiini ni ile sehemu ya mfumo inayoamka ya kwanza na kuwatambua wengine wote: kioo, kibodi, diski, kadi ya mtandao. Kiini kipya ni kama mwalimu mgeni aliyeingia darasani akawapanga watoto upya. Kadi yetu ilikuwa kiti cha pili, sasa nadhani amemketisha kiti cha tatu. Lakini lile faili la kuanzia nililiandika mimi, na bado linamwita wa kiti cha pili. Linaita, haitiki mtu, linasubiri, linakata tamaa. Ndio ule mstari wako mwekundu.

Fanya hivi. Ikikuuliza jina andika root, na nywila nitakutajia chini. Kisha andika ip link, bonyeza Enter. Itakutolea mistari, tafuta jina linaloanza na enp. Zamani lilikuwa enp2s0. Kama sasa ni enp3s0, nimebahatisha vizuri. Kama ni jingine, fuata la mashine, usifuate langu. Halafu andika nano /etc/network/interfaces. Faili litafunguka kama daftari. Kila unapoona jina la zamani weka jipya, herufi ndogo zote, maana kwake kubwa na ndogo ni watu wawili tofauti. Shika Ctrl ubonyeze O, kisha Enter, kisha Ctrl na X. Izime, iwashe.

Ikikataa, mwanzoni kabisa kuna orodha inapita haraka. Isimamishe kwa mshale, uchague kiini cha zamani. Kipo, hakikufutwa. Mfumo ule ukipokea kiini kipya unaweka cha zamani pembeni, ili aliyekosea apate pa kurudi. Ni vitu vichache vyenye ustaarabu huo.

Nywila ni usipepese. Mzee amewaambia wateja neno hilo tangu hatujazaliwa, nilijua sitalisahau. Lakini sasa nijibu: kuboresha kiini kunataka nywila, na mimi sikumpa mtu. Nani aliiandika?

Msalimie mzee. Mwambie kama ana haja na

Basi, msalimie tu. Yeye ndiye aliyesimama mlangoni nikiwa na begi begani akasema, "Ukitoka usirudi mpaka uitwe." Neno si langu, mimi nalitii. Dereva wa lori kila akigeuza gari ananiuliza, "Fundi, hupandi? Narudi mtupu." Namwambia sijaitwa. Anacheka, anadhani ni utani.

Kaka yako


19 Aprili

Kaka, shikamoo.

Bosi ameanguka sasa hivi kutoka kwenye kigoda. Akainuka kimya, akageuka huku na huku kutafuta wa kumlilia, aliponiona mlangoni ndipo akalia. Nimembeba, nakuandikia kwa mkono mmoja, kwa hiyo mwandiko usiulaumu.

Imepona. Hukubahatisha, ni enp3s0 kweli.

Barua yako ilipofika Baba alisema nimsomee kwa sauti. Nikamsomea. Akasema rudia. Nikarudia, mpaka ile sehemu ya nano na Ctrl, akawa anatikisa kichwa polepole kama anahesabu. Lile neno lako la mlangoni nililiruka, kaka. Nilijidai karatasi imekunjika. Sijui kama nilifanya vyema.

Basi nikamfunga Bosi mgongoni nikaingia chumba cha nyuma. Nilipoandika nywila niliona aibu, kama ninayemwambia mtu. Faili likafunguka. Jina la zamani lilikuwapo mahali pawili. La kwanza nilibadilisha vizuri, la pili nikafuta zaidi ya nilivyotaka, nikakaa nimeshika kifua. Kisha nikaliandika upya herufi moja moja, kama ninayetunga ushanga. Nikaizima, nikaiwasha. Mstari haukutoka. Kule mbele nikasikia printa inajinyoosha, krr krr, ikaanza kutema picha zilizokuwa zimepanga foleni tangu ile Jumatatu. Uso baada ya uso. Mwalimu Mkuu aliacha kukohoa. Nilicheka peke yangu mpaka Bosi naye akacheka asijue la kuchekea.

Nikamkimbilia Baba. Alikuwa ameketi kwenye stuli ya wateja, mikono magotini.

"Baba, imepona."

"Imepona na nini?"

"Na barua."

"Karatasi tupu?"

"Karatasi tupu."

Akasema, "Kumbe kijana yule hata nyumba ikiungua atatuma maelekezo."

Mimi nililichukulia ni utani, nikacheka. Yeye hakucheka. Hilo la nywila nimemuuliza, amesema mashine nazo zina siri zao.

Juzi amenichekesha tena. Koti lako la buluu bado linaning'inia nyuma ya mlango wa mbele. Baba alitoka chumbani asubuhi, akalisimamia pale, akalisalimia. "Umefika saa ngapi?" akaliuliza. Halafu akalishika mkono, akaliacha, akarudi ndani. Utani wa wazee huo.

Mdogo wako mwenye furaha,
Kiroboto


14 Mei

Kiroboto,

Marahaba. Hongera. Mafundi ninaofanya nao kazi wangelia kabla ya kufika mstari wa pili.

Mwambie mzee nyumba ikiungua aite, nitasikia. Kuita ni neno moja tu, na kinywa anacho. Mimi sitafuti kubembelezwa, natafuta kuitwa. Koti kama linamsumbua ampe mtu.

Tunafunga vyuma vya juu kabisa sasa. Ukiwa kule unaona barabara yote mpaka inapokatikia bondeni, na lori likija unaliona mapema kuliko mpishi. Natazama linavyokuja. Linavyorudi sitazami.

Mbusu Bosi.

Kaka yako


11 Juni

Kaka yangu, shikamoo.

Bosi amejifunza neno. Ni "bado". Nikimwambia njoo ule, bado. Lala, bado. Leo babu yake amemuuliza, "Mjomba wako amefika?" naye akajibu bado, na kijiko chake mkononi kama hakimu. Nilitoka nje nikafue nguo.

Mashine imegoma tena, na nimeshaitengeneza. Lakini namna ilivyogoma nataka nikueleze yote, wewe fundi utaona ulionalo.

Asubuhi mstari mwekundu ulirudi. Nikasema hapa sihitaji barua, njia naijua. Nikaandika ip link, kadi iko palepale, enp3s0, haijahama. Nikafungua faili. Jina la zamani limerudi, kaka. Kiti cha pili. Na limeandikwa kwa herufi kubwa, kubwa zote, hivi: ENP2S0. Mimi sikuandika hivyo. Wewe hukuandika hivyo. Bosi hajui kusoma.

Na kioo cha mashine katikati kilikuwa na alama ya mafuta, duara ndogo, kama mtu ameegemeza pua. Nikaipangusa na ncha ya kanga.

Nikasahihisha, ikawaka, printa ikajinyoosha. Haikunichukua hata nusu ya muda wa kunyonyesha. Nilipotoka Baba alikuwa mlangoni mwa chumba cha nyuma.

"Unafanya nini humo?"

"Nimeitengeneza, Baba. Ilikuwa jina tu."

"Nani kakutuma?"

"Si imeharibika?"

"Imeharibika, mwandikie mwenyewe. Wewe kila kitu unajua. Tangu lini umekuwa fundi?" Na sauti yake, kaka, haikuwa ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningeiweza.

Kuna jambo nimeapishwa nisilitie kwenye barua. Niliapa nikiwa nimeshika mkono wake, na kiapo changu sikivunji. Ila herufi kubwa hakuniapisha, wala alama ya pua, wala koti. Hayo nimekuandikia.

Jirani mshonaji anakusalimu. Mvua huku zimeanza mapema.

Mdogo wako,
Kiroboto


22 Julai

Kiroboto,

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako imenifika leo, imelala bondeni na lori wiki na wiki. Barabara imekatika. Mpima barabara aliyeileta anavuka tena kwa miguu kesho na amekubali kubeba karatasi. Nilimwomba anibebe na mimi; mkubwa wa kambi amekataa, mto umeshachukua mtu. Kwa hiyo naandika, tena. Nimechoka kuwa mtu wa karatasi.

Nilisoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Macho yake yana nini? Usinijibu kama umeapa. Nimeshajijibu. Mtu anayeandika kwa herufi kubwa ni yule asiyeziona ndogo. Mtu anayeegemeza pua kwenye kioo hafanyi utani. Na koti hakulitania. Aliona umbo langu mlangoni akadhani ni mimi, akaniuliza nimefika saa ngapi. Nami nikamjibu nini? Ampe mtu.

Ile nywila alishaijua, nani mwingine angebahatisha neno lake mwenyewe. Aliboresha kiini kwa mkono wake. Hakuwa na haja ya kiini kipya, alitaka niitwe na kitu kingine, si yeye. Alikosa kinywa cha kuita, akaiacha mashine iite. Na mimi nikaona fahari. Nikamtumia Ctrl na O.

Nilijua kadi imehamia kiti gani nikiwa mlima wa pili kutoka kwenu. Baba yangu amehamia wapi sikujua.

Siku ile mlangoni nilimwambia studio imekufa, kwamba watu wote wana kamera mfukoni, kwamba anapima pua za watu bure. Yeye akajibu lile neno lake. Nimelibeba lile lake miaka hii yote. Langu nililiacha kwake, sikuwahi kuuliza amelala nalo vipi.

Sasa sikiliza. Ikigoma tena usiiguse. Kama haijagoma, mwache aigomeshe. Na mwambie hivi, kwa sauti, umsomee mara mbili kama anavyopenda: hitilafu hii haitengenezeki kwa barua. Inataka mkono wa fundi. Fundi anakuja.

Lori la kwanza kuvuka nitakuwamo. Yale yote yaliyorudi matupu nayahesabu sasa, na hesabu yenyewe hainipi usingizi.

Kaka yako


10 Septemba

Kaka yangu,

Bosi ameketi kwenye stuli ya wateja, mgongo umenyooka, kijiko mkononi, sasa hivi, mbele ya pazia. Babu yake amemketisha. Hatikisiki, hajapata kutulia hivyo tangu azaliwe, nami ninaandika juu ya kaunta nikiwatazama.

Shikamoo. Dereva yupo hapa mjini anapakia. Amekuja mwenyewe kuniambia barabara imefunguka na kesho anapanda. "Mwambie fundi safari hii sirudi mtupu," amesema. Barua hii nampa mkononi, uisome kabla hujakanyaga ngazi ya lori. Kiapo Baba amenifungulia mwenyewe jana.

Haoni, kaka. Mwezi wa pili alikuwa anaona kama mtu aliye nyuma ya pazia jepesi, na daktari akamwambia hakuna dawa ya kulirudisha nyuma, litashuka tu. Akanishika mkono akasema usimwandikie, asije kwa huruma, aje kwa kazi. Alitaka akupige picha moja wakati anakuona. Hilo tu. Mwezi wa sita alikuwa anaona umbo. Sasa anaona mwanga na giza, anajua dirisha liko wapi na taa iko wapi, basi.

Na mimi nawaza jambo hili kila ninapoosha vyombo. Ningekuwa mjinga kidogo ungekuja Mei. Ningeandika jina vibaya, ningekwama kwenye nano, ningekuambia kaka nimeshindwa, ungetukana na ungekuja. Lakini nilitaka unisifu. Nilipoona umeandika hongera niliikata ile sehemu ya karatasi nikaibandika kabatini. Bado ipo. Siwezi kuibandua na siwezi kuitazama.

Barua yako ya Julai nilimsomea mara mbili kama ulivyosema. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipofika fundi anakuja, akaniuliza, "Ameandika hivyo au unaniongezea?" Nikamshikisha karatasi, akaipapasa kama itakayomjibu. Kisha akasema, "Basi zima mashine, usije ukaitengeneza kwa mazoea." Ikawa imezimwa mpaka leo. Wateja wa picha za haraka nawaelekeza kwa jirani wa barabara ya pili. Mwalimu Mkuu ameuliza kwa nini mashine nzima imezimwa, nikamwambia inamsubiri mwenyewe.

Sasa zamu ni yangu kukupa maelekezo, na uyafuate kama nilivyoyafuata yako. Ukifika mlangoni usisimame kimya pale penye koti, maana ameshadanganywa na umbo lile zaidi ya mara moja. Ingia unaongea. Ongea chochote, lalamikia barabara, ulizia chakula, lakini sauti itangulie mwili. Usimnyooshee mkono, hatauona na utabaki hewani. Uchukue wa kwake. Usimwambie pole. Mwambie mashine imeharibika sana na itakuchukua siku nyingi. Mimi nitakuunga mkono, nitasema sijui hata kuiwasha.

Na picha atakupiga. Usimkatalie ukadhani unamhurumia. Wiki hii yote anafanya mazoezi. Amehamisha stuli mpaka amejua hatua zake, taa anaihisi kwa joto shavuni, na kamba, kaka, ile kamba uliyoicheka, haikuhitaji macho hata siku moja. Anaishika kwenye lenzi, anaivuta, anapapasa mpaka fundo linafika puani, hapo anajua uko mahali pako. Jana alinipiga mimi. Kichwa changu kimekatika juu kidogo lakini uso ni wangu, na nimecheka. Nilimweleza uso ulivyotoka akasema, "Mjomba wa Bosi ana paji refu, nitainua kidogo." Anaikumbuka sura yako kwa vipimo.

Akikwambia usipepese, atakuwa anasubiri kusikia kama umetulia, maana hawezi kukuona. Kwa hiyo jibu. Sema nimetulia, Baba. Useme hivyohivyo. Na kama machozi yatakuja yaache yaje baada ya mlio wa kamera, kwa sababu kwenye picha yatang'aa na watu wengine wataiona hata kama yeye

Ananiita. Anasema, "Kiroboto, fundo limefika puani kwa huyu, acha kuandika uje uniambie kama uso wake umo kwenye mwanga." Na Bosi anasema bado, bado. Nakwenda, ila nilitaka tu ujue kwamba siku ile Baba alipolisalimia koti, mimi nilikuwa jikoni, na kabla hajalishika mkono nilimsikia akiliambia, "Nimekuita siku nyingi, mwanangu."